Alizeti Iliyovuka Mpaka

Jumapili, 13 Aprili 1975

Theluji imebaki upande wa kaskazini wa mawe tu. Nimefika makaburini saa nne asubuhi nikamkuta Fru Ekblad, mama mmoja Mswidi, ameshakaa kwenye kiti chake cha kukunja, mgongo umenyooka kama wa mwalimu wa hesabu. Kaburi la mwanawe limepakana na la mke wangu, Gaudiosa. Kati yao pana ukingo wa mawe usiofika hata kifundo cha mguu. Kwa miaka miwili mimi na mama huyu tumesalimiana kwa kuinamisha kichwa. Leo amesema neno.

"Yamefika, herr Damian. Njoo uyaone kabla hayajafunga."

Yalikuwa maua kumi na tisa ya buluu, kila moja kama kifungo cha shati, yamechomoza katikati ya sindano kavu za misonobari. Waswidi huliita ua hili blåsippa. Nikainama nikahesabu na majani yake ya mwaka jana, ambayo hustahimili kipupwe chote chini ya theluji: arobaini na moja, yenye ncha tatu tatu, magumu kama ngozi ya kiatu. Kuhesabu ni ugonjwa wangu.

"Maj-Britt wangu alikuwa na miaka sita," akasema. "Dondakoo. Aprili ya mwaka thelathini na nane. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kilima, na kila mwaka alichuchumaa pale kuyangoja haya. Baada ya mazishi baba yake alipanda kilimani na kijiko cha supu, akachimba kishada kimoja, akakileta hapa. Mwaka uliofuata alihamia Göteborg, na hakurudi. Picha ya mtoto ninayo moja, na aligeuka walipoipiga. Kwa hiyo nina hili."

Akaishia hapo, kama mtu aliyefunga saraka ya meza na kutia ufunguo mfukoni.

Nimeamua kuanza daftari. Miaka ishirini na minne nimekaa katika hifadhi ya mimea mikavu nikiandika vibandiko: jina, tarehe, mahali, sifa. Yote mimea iliyokufa, imebanwa kwenye karatasi. Niandike sasa ya kwangu iliyo hai. Katika pembe nne za kaburi la Gaudiosa nimepanda alizeti ya msituni, na sababu yake ni barua ya shemeji yangu Deusdedit, kutoka kwetu Kiziba, mwaka ule wa msiba: "Tumesikia dada yetu mmemlaza msituni, kati ya misonobari. Kwetu mtu hulala kibanjani, shambani kwake, na mlamula umesimama pembeni. Atakayekuja kumtafuta kesho atamjuaje? Mpaka wake ni nini?"

Mlamula hauwezi baridi ya hapa. Ni mti wa kwetu wa mipaka; haufi upesi na hauhami, na wazee wakigombania shamba huutazama huo kwanza. Nikatafuta mmea wa kushika nafasi yake: unaokubali kivuli, unaoridhika na mchanga mkavu, usiouawa na barafu, unaorudi wenyewe kila mwaka pale pale. Nikaamini nimeupata.

20 Aprili

Mvua ya theluji. Maua ya buluu yamefunga. Sikukaa.

4 Mei

Alizeti zimetoka. Vichipukizi vina wekundu wa zambarau shinani, na majani yanatoka mawili mawili, yakitazamana. Mwaka jana vilikuwa kumi na kimoja kwa jumla na vyote vilikaa kwenye pembe zao kwa adabu. Leo nimehesabu thelathini na vitatu. Nilifurahi mpaka nilipoona kimoja hatua nzima kutoka pembeni, juu ya kifua cha Gaudiosa. Halafu kingine. Halafu, ng'ambo ya ukingo wa mawe, upande wa Maj-Britt, vinne.

12 Mei

Kazini nimeitoa tena ile karatasi iliyonifanya niichague. *Helianthus divaricatus*. Misitu mikavu, mashariki ya Amerika Kaskazini. Mkusanyaji ameandika kwa wino wa kahawia: mmea wa kudumu, shina laini, majani hayana vikonyo, yamekaa moja kwa moja shinani, na yanakwaruza kama ulimi wa paka, ua la manjano, petali kumi, hupenda kivuli chepesi, nyuki wengi.

Yote kweli. Ila shina limekatwa kwa kisu usawa wa ardhi. Mzizi haupo. Karatasi haikuwa na nafasi, au yule bwana alikuwa na haraka, akauacha mzizi huko huko Amerika, na ukabaki nao mwenendo mzima wa mmea. Mimi niliyesoma karatasi hii labda mara ishirini sikuwahi kujiuliza chini kuna nini. Hata mtunza bustani aliyenipa vipande vinne, urefu wa kidole, aliniambia huku akicheka, "Inapenda kutembea, hii." Nilidhani ni mzaha wa watu wa bustani.

18 Mei

Ochola amenikuta nimechuchumaa. Ni Mkenya. Alikuja huku kusomea kilimo, akaoa, akabaki. Sasa ni kibarua wa kudumu hapa makaburini, na toroli lake halina mafuta, unalisikia kabla hujamwona.

"Shikamoo, mzee Damian! Hii maua yako imepata watoto?"

"Marahaba. Watoto na wajukuu."

"Na imeenda kwa jirani bila hodi." Akaweka toroli chini, akafukua kwa kidole. Kulikuwa na kitu cheupe, kinene kama kalamu, kimelala sambamba na ardhi, na ncha yake kali kama ya sindano ya kushonea magunia. Kilikuwa kimepita chini ya ukingo wa mawe. "Ona. Hii haingoji mbegu. Inachimba handaki. Nyinyi Wahaya na kusoma kwenu! Umepanda jeshi ukidhani ni askari wanne."

"Nikikata?"

"Ukikata juu, chini inasema asante."

"Basi nifanye nini?"

Akatazama kishada cha blåsippa, kisha akanitazama. Aliacha kucheka. "Mwambie yule mama. Leo, zikiwa nne. Ile kitu yake ni ya pole pole, mzee, haijui vita. Hiyo alizeti inakunywa maji yote, na wengine wanasema inatia sumu kwa udongo ndio jirani asiote."

Nikasema nitamwambia.

25 Mei

Nimefika kabla ya Fru Ekblad. Nimekata tisa upande wake kwa kisu cha mfukoni. Sikumwambia.

1 Juni

Kumi na tatu. Hakuna mvua.

8 Juni

Kumi na saba. Siku hizi natoka nyumbani Bredäng na treni ya saa kumi na mbili, nabadilisha Slussen, nafika nikiwa na saa mbili za peke yangu. Najiambia ni kwa ajili ya joto.

15 Juni

Amenikuta.

Nilikuwa nimepiga magoti upande wake, mkono wangu umejaa mashina, kisu kimefunguka. Hakukuwa na pa kujificha. Misonobari ya hapa imekatwa matawi ya chini, mtu mrefu kama mimi huonekana toka langoni. Nikasema, kabla hajauliza, "Nilikuwa napalilia kidogo, Fru Ekblad. Magugu yamezidi mwaka huu."

Nilimwona anatafuta neno. Kwa muda nilidhani amejua. Kisha akaketi kwenye kiti chake, polepole, akashika mkoba kwa mikono miwili.

"Miaka thelathini na saba," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunipalilia."

Akatoa chupa ya kahawa na mikate miwili ya mdalasini iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa na kikombe kimoja. Akanipa mimi kikombe, yeye akanywea kifuniko. Nikala. Mkate ulikuwa mzuri. Mashina niliyokata niliyashikilia mkono wa kushoto muda wote, nyuma ya mgongo, hadi utomvu wake ukaninata kiganjani.

Nilipompenda mama huyu ndipo nilipomdanganya, au ilikuwa kinyume chake. Zamani nilimdhania ana kiburi, kwamba anatazama rangi yangu. Alikuwa anatazama majani.

22 Juni

Sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mji mtupu. Binti yangu Adelina amekuja kutoka Skärholmen na sill, samaki wao wa kuloweka, viazi vipya na uchovu wa zamu. Anasomea uuguzi. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi. Mama yake alizoea kukaa katikati na kututafsiria hata pasipohitajika. Nimemweleza habari yote.

"Pappa, mwambie tu."

"Ataumia."

"Ataumia zaidi Agosti."

"Wewe huwajui wazee."

"Nawaogesha kila siku."

Nikamwambia kuwa alizeti ile ndiyo mpaka wa mama yake, kwamba niliwaandikia wajomba zake kuwa mpaka upo na umesimama. Akaacha uma.

"Mama ana jiwe lenye jina. Wanaokwenda kumtafuta ni mimi na wewe, na sisi tunajua alipo. Huo mpaka ni wa nani?"

Nikamwambia asiseme hivyo. Akaosha vyombo vyote, hata visafi, akaondoka mapema.

29 Juni

Ishirini na mbili.

13 Julai

Zimechanua zote kwa wiki moja. Sina budi kuandika ukweli: ni nzuri. Zimesimama hadi kiunoni mwangu, nyembamba, zimeinama kidogo kwenye mwanga, na manjano yake chini ya misonobari ni kama taa zilizowashwa mchana. Vipepeo, nyuki, na wageni wa makaburi mengine wanasimama kutazama. Fru Ekblad pia.

"Nchi yako inakuwa na maua kama haya?"

"Hapana. Haya ni ya Amerika."

"Basi nayo ni mageni," akasema. Akaomba shina moja la kuweka kwenye chupa ya maua ya Maj-Britt. Nikamkatia refu kuliko yote, nikaliweka kwa mkono wangu mwenyewe, hatua moja kutoka pale nilipokuwa nimekata ishirini na sita asubuhi ile.

27 Julai

Thelathini na moja. Mashina sasa yanarudi mawili kwa kila moja nililokata. Ochola alipita na toroli akaniona. Hakusalimia.

10 Agosti

Joto ambalo wenyeji wanasema hawajalikumbuka. Kwenye treni watu wamekaa midomo wazi. Mvua haijanyesha wiki tano. Nyasi ni kahawia, na mchanga wa makaburini unapeperuka ukiukanyaga. Alizeti haijali; imezoea misitu mikavu.

Nimehesabu majani ya blåsippa. Ishirini na mawili. Mengi yamekunjamana ukingoni, rangi ya chai. Nilimwagilia ndoo mbili. Nikajua wakati namwaga ni nani anayekunywa.

17 Agosti

Ochola amenijia bila toroli.

"Mzee, msimamizi amepita jana na karatasi yake. Ameona. Wataleta barua, kwako na kwa mama. Mimea isiyoruhusiwa, imevuka kaburi la pili, mtu atoe kabla ya mwisho wa Septemba. Ukikosa, tunatumwa sisi na mashine. Tunakwangua kaburi zote mbili, tunapanda nyasi. Mashine haijui blåsippa."

"Barua itafika lini?"

"Katikati ya wiki." Akatema mate pembeni. "Sikuwa nimekuomba kitu, mzee. Nilisema tu, zikiwa nne."

20 Agosti, Jumatano

Imefika. Ukurasa mmoja, lugha safi, hakuna tusi. Ya kwake imefika pia, bila shaka, kwa posta hiyo hiyo. Nilikaa na simu mbele yangu hadi saa sita mchana. Jina lake limo katika kitabu cha simu. Sikupiga.

24 Agosti

Nilifika kwa treni ya kawaida. Sikuwa na kisu.

Alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeegemea jiwe, hakijafunguliwa. Barua alikuwa ameikunja mara nyingi hadi imekuwa kama tiketi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Mei."

"Na Juni, ulipokuwa unapalilia."

"Nilikuwa nakata. Ili usione."

Mahali pengine mtu alikuwa anasukuma toroli, na nikajua ni la nani, nikatamani lije. Halikuja.

"Nimekuwa nikimsimulia dada yangu kuhusu wewe," akasema. "Kila Jumapili jioni, kwa simu. Nimemwambia kuna bwana mmoja kutoka Afrika, mjane, mpweke kama mimi, anapalilia kaburi la Maj-Britt bila kuombwa. Nilimwambia: unaona, Ingrid, watu wazuri wapo bado. Na wewe ukala mikate yangu."

"Nilikula."

"Ilikuwa mitamu?"

Nikasema ilikuwa mitamu.

"Nilidhani ni kiangazi," akasema. "Majani yalipoanza kwenda, nilidhani ni ukame. Nikalaumu jua. Usiku nilikaa kitandani nalaumu jua." Akaelekeza kidole, si kwangu, kwenye alizeti. "Nami niliziomba. Niliomba uniwekee moja kwenye chupa yake!"

Nikaanza kumweleza habari ya mlamula, ya shemeji yangu, ya karatasi isiyokuwa na mzizi. Nilieleza vibaya. Kila sentensi ilikuwa kweli na kila moja ilisikika kama udhuru. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa, kisha akafungua kiti chake, akakiweka juu ya ukingo wa mawe kabisa, miguu miwili ya kiti kwangu na miwili kwake, kama mtu anayezuia mlango.

"Chimba kwako," akasema. "Chimba upendavyo. Lakini mkono wako usivuke tena hapa. Wala kupalilia, wala kumwagilia, wala kuhesabu."

31 Agosti

Hakuja. Mvua, hatimaye.

7 Septemba

Tumechimba, mimi na Adelina. Ochola alituachia uma wa kulimia umeegemea mti.

Nilifikiri nitatoa pembe nne. Hakuna pembe tena. Chini ya udongo kuna mkeka mmoja mweupe, umesukwa, nyuzi zimepita juu na chini ya nyingine, na kila kipande ukikikata kinaonyesha jicho la kuchipua. Kimoja nilikifuata kwa vidole urefu wa hatua tatu. Adelina alikuwa na ndoo. Kila alipodhani tumemaliza nilimwonyesha kingine, mpaka akavua koti.

Kaburi hili ni la watu wawili. Upande wa kulia wa Gaudiosa ni wangu, na hapo ndipo mizizi ilipokuwa minene zaidi, pengine kwa kuwa udongo haukuwahi kufukuliwa. Nilichimba nikiwa nimepiga magoti mahali nitakapolazwa. Adelina alijua ninachofikiri.

"Pappa, pumzika. Nipe mimi."

"Acha."

"Nipe," akasema, kwa Kiswahili.

Nikampa. Aliendelea nusu saa. Alipoinuka alikuwa na udongo kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza nilimwona anafanana na mama yake alipokuwa anapalilia viazi vitamu, Gaudiosa niliyemwoa, kabla ya treni na kazi ya kushona mapazia kiwandani.

Ndoo saba. Upande wetu ni mchanga mtupu. Chini ya ukingo wa mawe tumehesabu mizizi sita inayoingia kwake. Tumeikata hapo. Zaidi ya hapo sina ruhusa.

14 Septemba

Amekuja. Amekonda. Aliutazama mchanga wetu mtupu kwa muda.

"Kwako kumekwisha?"

"Kumekwisha."

"Na kwangu?"

"Ulinikataza."

"Nimeuliza kitu kingine."

Nikamwambia mizizi ipo sita, na kwamba baada ya wiki mbili wataleta mashine. Nikamwambia pia jambo la baba yangu. Alikuwa akiitwa kuamua ugomvi wa mipaka, na hakukubali mtu mmoja afukue mpakani peke yake, hata mwenye haki. Mwenye haki na mkosaji walishika jembe moja, mikono minne kwenye mpini mmoja, ili asiwepo wa kusema kesho kwamba mwenzake alichimba kupita kiasi. Nimeona wanaume wenye uadui wa miaka kumi wakishika hivyo, wanatetemeka kwa hasira, na jembe linakwenda.

"Nina miaka sabini na tisa," akasema. "Magoti yangu hayachimbi."

"Ushike mpini tu."

Akafikiri. "Je, huyo mkosaji, baba yako alimlazimisha kuomba radhi?"

"Hapana. Alimlazimisha kushika."

"Jumapili baada ya ijayo," akasema. "Leta kitu cha kupigia magoti."

21 Septemba

Nimemwandikia Deusdedit. Kwamba nilipanda mpaka, na mpaka wenyewe ukaingia kwa watu. Kwamba dada yake sasa ana jiwe na mchanga. Kwamba akija atalazimika kuuliza njia. Barua fupi kuliko zote nilizowahi kumwandikia.

28 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Ukungu wa asubuhi, nyuzi sita. Blåsippa imebaki na majani tisa. Nilileta mto wa sofa uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alipiga magoti juu yake kwa kushikilia bega langu. Hakuniomba bega, alilichukua. Ochola alisimama mbali na kofia mkononi, kama kwenye mazishi, hadi nikamwashiria aende.

Tulishika mpini wa uma. Mkono wake ulikuwa chini ya wangu, mwepesi, baridi, na ukibonyeza ulibonyeza kweli. Mizizi mitano ilitoka bila shida. Ilikuwa imepita pembeni. Wa sita ulikwenda moja kwa moja kwenye kishada.

Tukaacha uma tukatumia vidole. Nilifukua udongo kama tunavyofukua kielelezo, punje kwa punje, na yeye alipuliza vumbi. Mizizi ya blåsippa ni kama nywele, ya kahawia, mingi. Katikati yake ule mweupe ulikuwa umepita kama msumari. Pande mbili za kishada zilikuwa zimekufa tayari. Zilikatika zenyewe, kavu. Upande wa tatu ulikuwa hai. Na hapo shinani, chini kabisa, tuliona vitu vinne vidogo vyenye manyoya ya fedha, kila kimoja kama punje ya mchele.

"Nini hivyo?" akauliza, ingawa nadhani alijua.

"Matumba. Ya Aprili. Mmea huu huyatengeneza sasa, yanalala chini ya theluji."

"Manne."

"Manne."

Mzizi mweupe ulikuwa umepita katikati ya yale manne. Ulikuwa umechipua jicho humo humo. Nilijaribu kuusogeza kwa ncha ya kibanio nilichokuja nacho kutoka kazini. Haukusogea bila kuyachukua. Nilijaribu tena kutoka chini. Nilijaribu mara ya tatu, na mkono wangu, ambao kwa miaka ishirini na minne haujavunja hata bawa la mbegu, ulishindwa.

Nikamweleza. Tukiuacha, Aprili atapata maua manne, na Mei alizeti itatoka humo humo, na mwaka utakaofuata hakutakuwa na kitu, na msimamizi atarudi na karatasi yake. Tukiutoa, matumba yanakwenda nao, na majani mengi pia. Kitabaki kipande chenye majani mawili, labda kitashika.

"Kikishika, kitachanua lini?"

"Hukua polepole sana. Miaka mitatu. Minne."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Themanini na tatu," akasema.

Nina miaka sitini na saba, na moyo wenye dawa mbili, na sikuwa na haki ya kumwambia kwamba miaka minne si mingi.

Alikaa vile, magotini, kichwa karibu na udongo. Dakika nyingi. Treni ilipita kule nyuma ya ukuta, na nyingine. Nilidhani amelala, au kitu kibaya zaidi. Kisha akanyoosha mkono akayagusa yale manne, moja moja, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayewagusa watoto vichwani kabla hawajatoka kwenda shule.

"Toa," akasema.

"Fru Ekblad, unaweza kuuacha. Hata mimi..."

"Toa. Wewe hujui kuacha wala kutoa. Toa!"

Nikataka kuvuta, akashika kifundo cha mkono wangu, akavuta pamoja nami. Ulitoka. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama uzi unaokatika mdomoni mwa mshonaji.

Tulipanda kile kipande chenye majani mawili pale kilipokuwa. Yeye ndiye aliyekigandamiza kwa viganja. Matumba aliyafunga katika kitambaa akayatia mkobani. Nilipomwinua, alisafisha magoti yake, akasafisha na yangu kwa mapigo mawili makali, kama mama anayekasirika. Hakuniaga.

5 Oktoba

Msimamizi amekagua. Ochola amesema makaburi yote mawili yamepita. Fru Ekblad hakuwepo, au alikuja mapema kuliko mimi.

12 Oktoba

Baridi imeuma ardhi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amempa Gaudiosa mgongo. Nilisimama kwenye ukingo wa mawe, upande wangu.

"Jani moja limekauka," akasema bila kugeuka.

"Limebaki moja."

"Najua kuhesabu, herr Damian."

Nikabaki nimesimama. Jua la Oktoba hapa hupita chini, kati ya mashina ya misonobari, na halikai: dakika ishirini hivi, kisha kivuli hadi kesho yake.

"Sogea," akasema. "Unalizibia jua."

Nikasogea kulia. Hapakuwa na mahali pengine ila juu ya ule mchanga mtupu ulioachwa kwa ajili yangu. Nikasimama hapo, nikavuta koti lisipepee, mpaka jua lilipoliacha jani.